Daktari aliyekaa udiwani miaka 43

Haya ni mazungumzo niliyoyafanya mbele ya wanafunzi wa afya na madiwani wachache, watu wakaomba niyaandike ili wenzao ambao hawakuwepo wasome. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Waheshimiwa madiwani, mabwana afya na mabibi afya, wanafunzi, wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo.

Niliombwa nizungumzie majitaka. Nikafikiri sana nianzie wapi, mwisho nikaona nianzie nyumbani kwetu. Mimi nimekulia bondeni, hapahapa Dar, na masika yakianza kuna sauti moja naikumbuka mpaka leo, sauti ya mtu anazibua choo usiku mvua ikiwa inanyesha. Wenyeji wa Dar mnajua nasemea nini, kutapisha choo. Shimo limejaa, hela ya gari la kunyonya hamna, na hata ikiwepo gari lenyewe haliingii uchochoroni, basi mwenye nyumba anasubiri mvua kubwa, anatoa kizibo, maji ya mvua yanabeba kila kitu yanapeleka kwa jirani wa chini. Na jirani wa chini tulikuwa sisi. Asubuhi mama anachukua fagio la chelewa anasukuma yale maji nje ya kizingiti, anamwaga jivu, ndio anawasha jiko la chai. Sijawahi kumsikia akigombana na yule jirani. Alikuwa akisema tu, "na yeye atapeleka wapi?"

Hilo swali la mama yangu naomba mlishike, maana mtu ninayetaka kuwasimulia leo alilifanyia kazi nusu ya maisha yake.

Anaitwa Rudolf Virchow, Mjerumani. Wanaosoma udaktari hapa jina mnalijua vizuri. Ile tezi inayovimba juu ya mtulinga wa kushoto kwa mgonjwa mwenye kansa ya tumbo inaitwa tezi ya Virchow, ukisoma kwanini damu inaganda ndani ya mshipa unakutana naye, neno lukemia ni yeye aliyeliweka, na ule msemo kwamba kila seli imetoka kwenye seli nyingine ni yeye aliyeubebea bango mpaka dunia ikakubali. Huyo ndiye tunayefundishwa. Ila kuna kitu vitabu vya patholojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoharibu mwili, havituambii, au vinakitaja kwa mstari mmoja vinapita, nacho ni kwamba huyu mtu alikuwa diwani. Diwani kabisa, wa mji wa Berlin, alichaguliwa mwaka 1859 na akakaa kwenye baraza la mji mpaka anakufa mwaka 1902. Hesabuni wenyewe, miaka 43.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 kwenye mji mdogo uitwao Schivelbein, Pomerania, siku hizi uko ndani ya Poland. Mtoto wa pekee, baba yake mkulima mwenye shamba dogo na kwa wakati fulani mhazini wa mji. Hawakuwa na hela, kwahiyo akasoma udaktari kwenye chuo cha jeshi huko Berlin kilichokuwa kinachukua vijana wenye akili ambao kwao hawawezi kulipa ada. Akamaliza 1843, akaanza kazi hospitali ya Charité, na kazi yenyewe ilikuwa kupasua maiti na kuangalia kwenye hadubini mtu amekufa na nini. Alikuwa mdogo wa umbo na mwenye bidii ambayo wenzake walikuwa wanaishangaa, akiwa na miaka 25 tu keshaanzisha jarida lake la kitaalamu na mpaka leo bado linatoka na jina lake.

Sasa mwanzoni mwa 1848 ukaja ugonjwa Silesia ya Juu, eneo la Prusia (dola ya Kijerumani, makao yake Berlin) lililokuwa na Wapoland wengi maskini. Ugonjwa ni taifasi, na hapa naomba tusichanganye, sio taifodi, taifasi ni ile homa inayoenezwa na chawa, lakini mwaka huo hakuna aliyejua habari ya chawa, hiyo ilikuja kujulikana 1909. Watu walikuwa wanakufa kwa maelfu, magazeti yakapiga kelele, serikali ikaona aibu ikamtuma huyu kijana wa miaka 26 akaangalie. Alikaa huko wiki tatu hivi, kuanzia tarehe 20 Februari mpaka 10 Machi.

Alichokikuta ni hiki. Familia nzima chumba kimoja, na ng'ombe ndani humohumo kama yupo, wanalala juu ya jiko la udongo kwa sababu ya baridi, nguo ni ile moja ya mwilini. Chakula chao viazi, na viazi vimekataa kwa misimu kadhaa mfululizo. Mashamba makubwa ni ya mabwana ambao wenyewe wanaishi mijini mbali. Wananchi wanaongea Kipoland, mkubwa wa ofisi anaongea Kijerumani, mwalimu akiwepo anafundisha Kijerumani, yaani mtu anaumwa na hata kumwelezea daktari anaumwa wapi hawezi. Virchow akaingia nyumba kwa nyumba, akaandika.

Akarudi akatoa ripoti. Serikali inasubiri aseme dawa gani inunuliwe, na yeye akaandika dawa kweli, ila dawa zenyewe ni demokrasia kamili isiyo na masharti, elimu, na tena elimu kwa lugha ya wenyewe, barabara, kodi imtoke tajiri badala ya kumkamua maskini, na wananchi wajiendeshee mambo yao. Nikiisoma hiyo habari huwa natulia kidogo. Mtu ana miaka 26, ajira yake iko mkononi mwa serikali, anaiambia serikali hiyohiyo kwamba kilichowaua hawa watu ni wewe, ugonjwa umekuja tu kumalizia.

Na hakuishia kwenye karatasi. Siku nane baada ya kurudi, tarehe 18 Machi, mapinduzi yakalipuka Berlin na daktari wetu yuko barabarani anasaidia kujenga vizuizi vya kuzuia askari wa mfalme. Mwaka huohuo yeye na mwenzake Leubuscher wakaanzisha gazeti la kila wiki la kudai mageuzi ya tiba, na humo ndimo alimoandika maneno yanayonukuliwa mpaka leo, kwamba tiba ni sayansi ya jamii, na siasa si kitu kingine ila ni tiba inayofanywa kwa upana. Akasema pia madaktari ndio mawakili wa asili wa maskini. Gazeti halikufika hata mwaka, mapinduzi yalizimwa, na 1849 akapoteza nafasi yake Charité.

Akaenda Würzburg, kusini, akapewa uprofesa baada ya kukubali kwamba pale hatafanya siasa zake. Miaka saba akakaa na hadubini yake. Ndipo kazi yake kubwa ya seli ilipokomaa, ndipo alipooa, ndipo watoto walipoanza kuja. Mwaka 1856 Berlin ikamwita arudi, wakamjengea taasisi yake ya patholojia, na kitabu chake cha patholojia ya seli kilipotoka 1858 Ulaya nzima ikamjua.

Hapa ndipo mimi huwa namwangalia kwa makini. Mtu ana miaka 38, ana jina, ana taasisi, wanafunzi wanatoka nchi zote kumfuata. Angeweza kutulia. Na akitaka siasa, siasa za kitaifa zipo, na alizifanya kweli, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha Maendeleo mwaka 1861, akawa mbunge wa Prusia, baadaye mbunge wa bunge la Ujerumani nzima kuanzia 1880 mpaka 1893, alimbana Bismarck, waziri mkuu wa Prusia, kwenye bajeti mpaka mwaka 1865 Bismarck akamwita wakapigane kwa silaha na yeye akakataa. Hizo stori ni tamu na watu wanapenda kuzisimulia. Lakini chini ya zote hizo kulikuwa na kikao cha baraza la mji, kamati, makadirio, mabomba, na huko hakuondoka. Wapo wanaosema alilainika, yule kijana wa vizuizini akawa mtu wa mafaili. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Naona alitafuta mahali ambapo yale aliyoyaandika Silesia yanaweza kugeuka kuwa kitu unachokanyaga, akakuta ni baraza la mji.

Mzee mmoja amenyoosha mkono anauliza alikuwa analipwa kiasi gani. Mzee wangu, udiwani wa Berlin enzi hizo ulikuwa wa kujitolea, haukuwa na mshahara.

Sasa tuingie Berlin yenyewe. Msiione Berlin ya leo. Miaka ya 1850 pembeni ya kila mtaa kuna mfereji wa wazi, maji ya kufulia, maji ya jikoni, mkojo, vyote humo, na mji wenyewe uko tambarare sana kwahiyo hayaendi, yanakaa. Vyoo viko uani, mashimo, na usiku watu wa kazi hiyo wanachota wanabeba ndoo wakamwage mto Spree. Halafu mwaka 1856 kampuni ya Waingereza ikaleta maji ya bomba. Mnadhani hali ikawa nzuri? Wenye hela wakaweka vyoo vya kuvuta, maji yakawa mengi maradufu, na yote yakaenda kwenye mfereji uleule wa mtaani. Bwana afya pale mbele naona anatikisa kichwa, kwa sababu hii kitu anaijua, sisi pia tumeshaona mtaa unaletewa maji safi watu wanashangilia na baada ya mwaka mashimo yote yamefurika, kwa sababu kila ndoo ya maji inayoingia kwenye nyumba lazima itoke.

Na kipindupindu kipo. Kilifika Berlin mara ya kwanza 1831, kikawa kinarudi na kurudi, mwaka 1866 kikaua maelfu.

Mwaka 1861 mhandisi wa serikali, Wiebe, akaleta mpango: tujenge mitaro chini ya ardhi, tukusanye uchafu wote, tuumwage mto Spree pale unapotoka mjini. Unaona hapo? Ni kizibo kilekile cha jirani yetu, ila kikubwa. Berlin inazibua, wanaokaa chini ya mto wanapokea.

Kundi la pili likasema hapana, mitaro isijengwe kabisa, uchafu ukusanywe kwenye mapipa upelekwe mashambani kwa mikokoteni, maana ni mbolea na kuitupa mtoni ni kutupa chakula cha nchi. Hawa hawakuwa wajinga, nyuma yao alikuwepo Liebig, mkemia mkubwa wa wakati ule. Na kundi la tatu, ndilo zito kuliko yote, wenye nyumba, wao hawataki chochote chenye gharama ya kuunganisha bomba. Na hapa muelewe sheria ya miji ya Prusia ilikuwaje: angalau nusu ya madiwani lazima wawe wenye nyumba, na wapiga kura wamegawanywa madaraja matatu kufuata kodi wanayolipa, matajiri wachache wanachagua theluthi ya madiwani peke yao. Yaani Virchow aliingia kwenye baraza ambalo nusu ya waliokaa humo, mtaro ukipita, wanadaiwa hela mfukoni.

Alifanyaje? Mwaka 1867 mji ukaunda kamati ya kuchunguza jambo hili na yeye ndiye akawa mtu wake mkuu. Hakukimbilia kupiga kura, maana kura angeshindwa. Akafanya kama anavyofanya na maiti, akapasua aone. Kamati ikapima kina cha maji yaliyo chini ya ardhi sehemu mbalimbali za mji na jinsi yanavyopanda na kushuka, ikahesabu vifo mtaa kwa mtaa, ikachukua kipande cha ardhi nje ya mji ikamwagilia majitaka kuona mchanga utayachuja au hautayachuja na majani yataota au hayataota. Miaka mitano inapita, sita, bado wanapima. Wapo waliochoka, nadhani hata mimi ningechoka. Mwaka 1873 akaleta ripoti yake ya jumla barazani na mwaka huohuo baraza likapitisha, kazi ikaanza.

Mhandisi alikuwa James Hobrecht, na nisiwafiche, bahati nayo ilikuwepo, kaka yake Arthur Hobrecht ndiye aliyekuwa meya tangu 1872. Lakini mpango wenyewe ulikuwa wa akili kweli na naomba niueleze taratibu.

Mji uligawanywa vipande 12. Kila kipande kina mitaro yake chini ya ardhi inayoteremka polepole kwenda sehemu ya chini kabisa ya kipande hicho. Pale chini kuna jengo la matofali lenye mashine za mvuke. Majitaka na maji ya mvua yanaingia, mchanga na takataka kubwa zinazuiwa kwanza, halafu pampu inayasukuma kwenye bomba kuu la chuma, kilomita nyingi, kutoka katikati ya mji mpaka mashambani nje kabisa. Huko mashambani, ambako mji ulinunua ardhi, la kwanza likiwa Osdorf upande wa kusini, bomba linafunguliwa na maji yanatambaa kwenye matuta ya mchanga, yanazama, yanachujwa na udongo, yanatoka kwenye mifereji ya chini yakiwa meupe, na juu yake yanaota majani ya ng'ombe na mboga. Ile mbolea waliyoililia watu wa mapipa imefika shamba bila mkokoteni. Mto umepumzika, isipokuwa mvua kubwa sana ikipiga ndipo mitaro inapumulia mtoni. Kipande cha kwanza kilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1878, vingine vikafuata kimoja kimoja kwa miaka mingi.

Kwahiyo "atapeleka wapi" ikapata jibu lenye ramani. Nyumba zilivyozidi kuunganishwa, vifo vya homa ya matumbo vikazidi kushuka. Na mwaka 1892 kipindupindu kikaingia Hamburg, mji tajiri wa bandari, uliokuwa unakunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Watu zaidi ya 8,600 wakafa ndani ya wiki chache. Altona, mji uliopakana na Hamburg kiasi kwamba mtaa mmoja una upande huu na upande ule, wao walikuwa wanachuja maji kwa mchanga, wakaponea. Na Berlin yenye watu zaidi ya milioni moja na nusu, iliyokuwa ikilia kila kipindupindu kikipita, safari hii ilipita karibu salama. Hapa mwaka 2015 kipindupindu kilipoanzia Dar mwezi wa nane kikasambaa mikoani, nilikuwa naiwaza Hamburg kila siku.

Nisiwadanganye kwamba jibu lile lilikuwa la milele. Viwanda vilipoongezeka, yale mashamba yakaanza kupokea na sumu za metali nzito, yakatumika mpaka karne ya ishirini inakaribia kwisha, na udongo wake mwingine leo haufai kulimwa. Jirani wa chini hakuisha, alisogezwa.

Wenzetu wanaokula kitimoto sasa wasikilize hapa. Miaka ya 1860 iligunduliwa kwamba kuna minyoo midogo sana, haionekani kwa macho, inakaa kwenye nyama ya nguruwe na ukiila haijaiva inaingia kwenye misuli yako, na inaua. Virchow alikuwa kwenye uchunguzi huo tangu mwanzo. Mwaka 1865 kijiji cha Hedersleben watu zaidi ya 300 waliugua, 101 wakafa, kwa nyama tu. Yeye akasema nyama yote ya nguruwe ipimwe kabla ya kuuzwa. Wachinjaji wakaja juu, biashara itakufa, nani atalipa, mnyoo wenyewe nani kauona. Akaendelea kusema mpaka ikawa, na mwaka 1881 Berlin ikafungua machinjio kuu moja ya mji, na humo kuna chumba kizima cha watu wenye hadubini, wakiwemo wanawake. Kazi yao: unaletewa vipande vidogo vya nyama, vingine vya ule msuli wa kiwambo unaotenganisha kifua na tumbo, unavibana katikati ya vioo viwili mpaka vinakuwa vyembamba mwanga unapita, unaangalia kimoja kimoja, unatafuta kinyoo kimejikunja kama uzi. Ukikiona, nguruwe mzima anaondolewa. Siku nzima ni hiyo. Mama mmoja kwenye kiti anazuia msiba kwenye nyumba ya mtu asiyemjua. Sisi hapa mnyoo wetu ni mwingine, tegu wa nguruwe, na kule Mbulu watafiti wameshaonyesha uhusiano wake na kifafa, kwahiyo msidhani ni habari za Ulaya tu.

Hospitali sitakaa sana. Moabit 1872, Friedrichshain 1874, Urban 1890, zote za mji, zote ana mkono wake, na alipigania wauguzi wafundishwe kazi yao kama taaluma.

Sasa niseme na makosa yake, kwa sababu kumpenda mtu sio kumfunika. Semmelweis alipowaambia madaktari wa uzazi wanawe mikono, Virchow alikuwa upande wa waliompinga na alichelewa sana kulegea. Robert Koch alipoonyesha bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, Virchow akawa mgumu, kwake yeye kusema mdudu mmoja ndiye chanzo ilikuwa kama kuwaachia huru wenye mashamba wa Silesia, namuelewa kwanini iliuma, lakini alikosea, mdudu yupo na umaskini upo. Cha ajabu ni kwamba mitaro yake ilijengwa kwa nadharia yenye kasoro, aliamini sana mambo ya udongo na maji ya chini, na bado mitaro ikaokoa watu. Koch mwenyewe, mpinzani wake, ndiye aliyekuja kukanyaga huku kwetu, alifika Afrika Mashariki ya Kijerumani 1897 kuchunguza malaria na tauni, na mwaka 1906 akaenda visiwa vya Sese, Uganda, kwenye malale, ambako dawa aliyowapa wagonjwa iliwapofua wengine macho.

Na kuna jambo lililo karibu zaidi na sisi. Virchow alikuwa pia mtu wa anthropolojia, elimu ya kuchunguza binadamu na jamii zake, alianzisha chama cha elimu hiyo Berlin mwaka 1869, na alikusanya mafuvu ya watu kutoka kila pembe ya dunia. Ayapime, ayaweke kwenye kabati. Alitumia elimu hiyo kupinga ubaguzi nyumbani kwao, hilo ni kweli na ni la heshima, alisimamia uchunguzi wa watoto wa shule zaidi ya milioni 6 wa Ujerumani, rangi ya nywele, macho na ngozi, ukaonyesha Wajerumani wenyewe wamechanganyika na wapo watoto wa Kiyahudi wenye nywele za dhahabu, na alisimama waziwazi dhidi ya wanasiasa waliokuwa wanawachochea watu wawachukie Wayahudi. Lakini ile tabia ya kukusanya ndiyo iliyofungua njia. Waliomfuata, hasa Felix von Luschan, waliagiza mafuvu makoloni yetu yalipokuwa yanachapwa kwa bunduki, na leo huko Berlin yapo zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, mengi ya Rwanda, mengine ya hapa Tanzania. Mwaka 2023 vipimo vya DNA viliwapata ndugu wa baadhi yao wanaoishi hapa nchini, Wachaga miongoni mwao. Mjukuu anaambiwa babu yako tumempata, yuko kwenye boksi. Mtu aliyeingia nyumba kwa nyumba Silesia akaandika machungu ya Wapoland, hakuuliza kila fuvu lililofika mezani kwake lina mama gani. Siwezi kuliweka hilo pembeni, na siwezi kuuweka pembeni mtaro, nimebeba vyote viwili nikaja navyo hapa.

Alipofikisha miaka 80, Oktoba 1901, wanasayansi wa nchi nyingi walimpongeza. Miezi mitatu baadaye, tarehe 4 Januari 1902, alikuwa Leipziger Straße, anateremka kwenye tramu ya umeme. Hakusubiri isimame vizuri, aliruka kama alivyozoea, akaanguka akavunjika mfupa wa paja. Mzee wa miaka 80 na mfupa wa paja mnajua wenyewe. Walimpeleka huku na huku apate nafuu, hakuinuka tena vizuri, akafa tarehe 5 Septemba mwaka huohuo, wakamzika kwenye makaburi ya St. Matthäus, Schöneberg. Bungeni alikuwa ameshatoka tangu 1893. Kwenye baraza la mji kiti chake kilikuwa bado ni chake.

Majengo kadhaa ya zile pampu bado yapo. Moja liko ukingoni mwa mto Spree, la matofali mekundu, siku hizi watu wanacheza muziki humo ndani.

Asanteni, na kama kuna maswali niko hapa.